Dagaa wa Unguja, shaba ya Katanga

Usiku wa giza, mwezi ukiwa bado haujachomoza, bahari ya upande wa magharibi wa Unguja huwaka taa. Ni boti za dagaa. Alfajiri mzigo hushushwa kwenye madiko ya Mangapwani, Kama na Fungurefu, na jua halijapanda, moto umeshawashwa chini ya masufuria ya maji ya chumvi. Wachemshaji wengi ni wanawake. Dagaa huchemshwa kidogo tu, huopolewa, humwagwa juu ya nyavu na chanja wakauke, na mvua isipoharibu mambo hawachelewi kutiwa kwenye magunia. Sehemu ndogo huishia soko la Darajani na majikoni kwetu. Sehemu kubwa ina mnunuzi wake anayejulikana, na bei ya siku hupanda au kushuka kwa kutegemea kama ameshafika dikoni au bado. Huyo ni Mkongo.

Kutoka hapo magunia huvuka hadi Dar es Salaam, hupakiwa kwenye malori, na safari ya Mbeya na Tunduma ikaanza. Ng'ambo ya Tunduma ni Zambia. Njia inaukata ukanda wa shaba wa nchi hiyo, Ndola, Kitwe, Chingola, hadi mpaka wa Kasumbalesa, na ukishavuka Kasumbalesa umefika mlangoni mwa Lubumbashi, jiji kuu la Katanga, Kongo. Ni karibu kilomita 2,000 za barabara. Njia hiyo hiyo ndiyo inayoshusha shaba na kobalti ya Kongo na Zambia kwenye bandari ya Dar es Salaam. Dagaa wanapanda, madini yanashuka, na mara nyingi hupishana kwenye mizani ile ile ya barabarani.

Unguja na Katanga si wageni wa kujuana jana. Katika karne ya 19 misafara iliyofadhiliwa na matajiri wa Mji Mkongwe ilifika ndani kabisa ya nchi hiyo. Nyumba ya Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, bado imesimama Shangani. Msiri, Mnyamwezi aliyejenga dola yake Bunkeya na kuuawa mwaka 1891, alitajirika kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Shaba ilikuwepo kabla ya Mbelgiji. Mbelgiji alichoongeza ni viwanda, na viwanda ndivyo vilivyoleta habari ninayotaka kuieleza.

Maana kuna swali ambalo dikoni haliulizwi. Katanga ina mto Lufira, ina Luapula, ina ziwa Mweru na mabwawa ya Upemba, na haiko mbali na Ziwa Tanganyika. Watu wenye maji yote hayo wana haja gani na dagaa wa kisiwani? Majibu ni mengi na mengi ni ya kawaida: miji ya migodi imejaa watu kuliko samaki waliopo, wavuvi wa maziwa wamezidi, barabara zimefunguka, na dagaa mkavu haozi njiani. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba sumu ya migodi ndiyo iliyojenga biashara ya Mangapwani. Lakini katika orodha hiyo ya sababu imo moja ambayo sisi tunaoishi kwa bahari hatuitazami: baadhi ya mito ya kule imebeba taka za viwanda vya madini kwa zaidi ya kizazi kimoja, na samaki wake wamebeba taka hizo miilini mwao.

Chukua Lufira. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikawa na viwanda vyake vya uchenjuaji Likasi, mji ambao mgodi wa urani wa Shinkolobwe uko karibu nao, ule uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Mnamo 1930 ulijengwa ukuta wa kuzalisha umeme Mwadingusha, maji ya Lufira yakatanda nyuma yake na kuwa ziwa linaloitwa Tshangalele. Vijito vinavyopita kando ya viwanda vya Likasi huishia huko. Kwa hiyo ziwa lilizaliwa likiwa kwenye mkondo wa taka za kiwanda, na wakati huo huo likawa tegemeo la wavuvi wa perege na kambare. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipowapima samaki wa Tshangalele walikuta metali za migodini, kobalti na shaba zikiwemo. Ulaji wa samaki na mboga za maeneo hayo ukaonekana kuwa mojawapo ya njia zinazoipeleka kobalti mwilini mwa binadamu.

Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo hicho, akiwa na wenzake wa Ubelgiji, alichapisha mwaka 2009 utafiti wa mkojo wa wakazi wa karibu na migodi na viyeyushio vya Katanga. Kiwango cha kobalti walichokikuta ni miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kwa watu ambao hawafanyi kazi mgodini. Hawa ni watu wa nyumbani, wakiwemo watoto. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na sehemu yake imo ndani ya betri ya simu ambayo huenda msomaji anaisomea makala hii.

Samaki anadhurika vipi? Watu wengi hudhani sumu ya mgodi ni kitu kinachomwua samaki papo hapo, akaelea tumbo juu, watu wakapiga picha. Hiyo hutokea, ila ni sehemu ndogo ya hadithi. Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji anayoishi ndani yake, kwa hiyo siku zote anapigana asiipoteze, na vita hiyo inapiganwa kwenye matamvua. Shaba ikizidi majini huvuruga kazi hiyo. Sodiamu huvuja, matamvua hutoa ute mwingi wa kujikinga, na ute huo huo humzuia asipate hewa. Kadimi nayo huingia kwa mlango wa kalisi. Shaba kwa kiasi kidogo, kisichoweza kumwua, huziba pua yake, akashindwa kunusa chakula, adui au mwenzake wa kuzaa naye. Mayai na vifaranga huathirika mapema kuliko wakubwa. Mvuvi anaweza kuendelea kuvua samaki wakubwa miaka kadhaa huku nyuma yao hakuna wanaokua, na siku wavu unaporudi mtupu atalaumiwa yeye kwa kuvua kupita kiasi.

Kuna jambo jingine ambalo mlaji wa dagaa anapaswa kulijua. Metali kama shaba, kobalti na kadimi haziendi sana kwenye mnofu. Hukaa kwenye ini, figo na matamvua, na risasi hukimbilia mifupa. Anayekula mnofu wa sangara huviacha vyote hivyo jalalani. Anayekula dagaa humla mzima, kichwa, tumbo na miiba. Kwa upande wa zebaki hali hugeuka: dagaa ana umri mfupi na yuko chini kwenye ngazi ya kulana, hivyo hukusanya kidogo, wakati samaki mkubwa mla samaki hukusanya nyingi, tena ndani ya mnofu wenyewe, na hakuna upishi unaoitoa. Kwa hiyo kusema tu kwamba samaki yuko salama au hayuko salama hakutoshi. Lazima useme samaki gani, kiungo kipi, metali ipi.

Hayo yote yalionekana kwa pamoja tarehe 18 Februari 2025, kwenye njia hiyo hiyo wanayopita dagaa wetu. Karibu na Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la topesumu la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia ulipasuka. Takriban lita milioni 50 za maji ya tindikali yenye metali ziliingia kwenye kijito, zikafika mto Mwambashi, na kutoka Mwambashi zikaingia Kafue. Mji wa Kitwe, wenye watu wapatao 700,000, ulikatiwa maji ya bomba. Samaki waliokufa walionekana umbali wa kilomita 100 na zaidi kutoka pale palipobomoka. Zaidi ya nusu ya Wazambia wanaishi kwenye bonde la Kafue, hivyo serikali haikuwa na muda wa kusubiri: ikatuma boti na ndege za jeshi la anga kumwaga chokaa mtoni.

Chokaa! Mtu wa Mji Mkongwe anaijua kazi yake ukutani, lakini mtoni kazi yake ni ya kemia. Tindikali ndiyo inayozifanya metali ziyeyuke na kumwingia samaki kwa urahisi. Ukiivunja makali, metali nyingi hugandamana na kuzama. Maji husafika, watu huanza kuteka tena, viongozi hutangaza kwamba hali imetulia. Metali hazijaondoka. Zimelala kwenye tope la chini, ambako funza wa majini huishi na kambare hula, na mafuriko yajayo yanaweza kuzikoroga upya.

Kisha ukaja ugomvi wa hesabu. Sino-Metals yenyewe iliajiri kampuni ya Afrika Kusini, Drizit, ipime madhara. Drizit ikaja na tani milioni 1.5 za taka zenye sumu, karibu mara 30 ya makadirio ya kwanza. Sino-Metals ikavunja mkataba nayo na kuipinga kazi yake. Mnamo Agosti 2025 ubalozi wa Marekani uliwataka watumishi wake waondoke eneo lile, huku serikali ya Zambia ikisema maji yamerudi katika hali ya kuridhisha. Mkulima wa mahindi wa kando ya Mwambashi aamini nani? Novemba mwaka huo huo, Lubumbashi kwenyewe, serikali ya Kongo ilisimamisha shughuli za kampuni ya madini ya CDM baada ya maji ya kiwandani kufurika mpaka mitaani. Miaka minne nyuma, mwaka 2021, taka za mgodi wa almasi wa Catoca nchini Angola ziliingia mto Tshikapa na Kasai, maji yakawa mekundu, samaki wakafa, na waziri wa mazingira wa Kongo, Ève Bazaiba, akatangaza kwamba watu 12 wamepoteza maisha. Kila mara wanaoathirika ni wale wale, na kila mara mabishano ya kwanza ni kuhusu kipimo: kilichomwagika ni kiasi gani, na maji yalikuwaje kabla.

Hapa kwetu Tanzania tumeshapita njia hiyo, nayo inaitwa Mara.

Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Nyamongo, wilayani Tarime. Kando yake unapita mto Tigithe, unaoingia mto Mara, nao Mara, ulioanzia milima ya Mau nchini Kenya, huishia Ziwa Victoria. Mei 2009 maji ya tindikali kutoka mgodini yalivuja mpaka Tigithe. Kampuni ya Barrick, mmiliki wa mgodi wakati ule, ilisema wizi wa matandiko ya plastiki ya mabwawa ndio uliosababisha. Wanakijiji walieleza kufa kwa mifugo na maradhi ya ngozi. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mkabwa Manoko, na Åsgeir Almås wa Norway walipima maji, udongo na tope la maeneo ya Geita na North Mara, wakakuta metali na arseniki kwa viwango vya kutia wasiwasi katika baadhi ya sehemu. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo, uliokuwa chini ya Acacia, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu. Miezi michache baadaye Barrick ikaichukua Acacia yote, na ikaundwa kampuni ya ubia na serikali, Twiga.

Halafu, Machi 2022, maji ya mto Mara yakawa meusi na samaki wakaelea. Nchi nzima iliona picha. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikaja na jibu kwamba oksijeni ilipungua majini kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza, si sumu ya mgodi. Nani amesahau mzaha uliofuata mitandaoni? Ng'ombe walitungiwa kila aina ya utani.

Nami nitasema jambo ambalo halitawafurahisha waliocheka. Jibu lile kisayansi si la ajabu. Mwaka 2018 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliofanywa juu zaidi kwenye mto huo huo, upande wa Maasai Mara, ukionyesha kwamba kinyesi cha viboko hujikusanya kwenye madimbwi yao wakati wa kiangazi, na mvua kubwa inapokisukuma chini, oksijeni huisha na samaki hufa kwa wingi. Mto Mara unaweza kuua samaki wake bila msaada wa kampuni yoyote. Lakini watu hawakucheka kwa sababu ya kemia. Walicheka kwa sababu eneo lile lina historia ya 2009 na faini ya 2019, na mwanakijiji wa Kirumi, kando ya mto huo, hakuwa na karatasi mkononi yenye vipimo vya maji vya mwezi uliotangulia, mwaka uliotangulia, na miaka kumi iliyotangulia, ya kumwonyesha kwamba safari hii mgodi hauhusiki. Jibu linaweza kuwa sahihi na bado lisiaminike, na anayelaumiwa kwa kutoaminika ni aliyekuwa na wajibu wa kupima na kutangaza siku zote, maji yakiwa meupe.

Linganisha na Ziwa Victoria na zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita na kwingineko husaga mbale kwenye karasha, hutia zebaki ili ikamate dhahabu, kisha huichoma ikapanda hewani. Marudio yake, yaani mchanga unaobaki, huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi. Sianidi ni kali lakini jua huivunja. Zebaki haivunjiki, bakteria wa tope huigeuza kuwa ile aina iliyowapooza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 miongoni mwa familia za wavuvi. Palikuwa na kila sababu ya kuogopa. Tangu miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapima samaki wenyewe. Walichokuta ni kwamba samaki wengi wa ziwa walikuwa chini sana ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kilichotumiwa kwa muda mrefu kimataifa. Sehemu ya maelezo ni udongo mwekundu wa Kanda ya Ziwa, wenye chuma nyingi, unaoishika zebaki karibu na pale ilipomwagwa. Sangara wakubwa waliendelea kuwa wa kuangaliwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na karasha bado zinanguruma.

Tofauti ya visa hivi viwili ni moja. Zebaki ilipimwa kabla ya kuwapo maiti za samaki za kubishania, kwa hiyo leo tunaweza kuzungumza kwa tarakimu. Mara tumebaki na utani.

Sasa turudi kisiwani, ambako wengi hujiona wako nje ya kesi. Unguja haina mgodi wa dhahabu wala wa shaba. Uchimbaji wetu ni wa mchanga, mawe na kifusi, kwa ajili ya nyumba, barabara na hoteli, na mashimo ya Donge na vijiji jirani yanajulikana na kila dereva wa lori. Mito yetu ni michache na mifupi: Mwera, Zingwezingwe, Kipange. Maji tunayokunywa hutoka ardhini. Sultani Barghash, aliyefariki mwaka 1888, aliyaleta kwa mabomba kutoka chemchemi hadi mjini, na mpaka leo mji unaishi kwa visima na chemchemi. Mwamba wa chokaa tunaoukalia hutupa kinga fulani, kwa kuwa maji yenye kalisi nyingi hupunguza ukali wa metali kwa samaki. Lakini mwamba huo huo umejaa matundu, na chochote kinachomwagwa juu yake hushuka haraka.

Tena Unguja ina samaki wake wa maji baridi ambaye Waunguja wachache wanamjua. Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius guentheri. Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekusanya viumbe Afrika Mashariki mwaka 1888 na 1889, alipeleka sampuli Hamburg, na Georg Pfeffer akamwandika mwaka 1893 kwa kumpa jina la Albert Günther wa makumbusho ya London. Ni samaki wa kidole tu, sentimita tano hivi. Dume ana rangi ya samawati yenye wavu mwekundu, na mkia mwekundu. Anaishi kwenye madimbwi ya mvua na mifereji ya mabonde ya mpunga. Dimbwi likikauka wakubwa hufa wote, na mayai hubaki ndani ya tope, yakilala mpaka masika. Mvua ikija yanaanguliwa, na maisha yanaanza upya. Kwa kuwa huzeeka upesi, watafiti wa Marekani walimtumia tangu miaka ya 1970 kuchunguza uzee, na baadaye maabara za China zikamchukua. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya wanamzalisha kwenye vioo vyao. Kwao ni mali. Kwetu ni kidudu cha bondeni.

Huyu hahitaji tindikali ili afe. Shimo la mchanga likichimbwa mpaka kufika maji, dimbwi la msimu hugeuka kuwa bwawa la kudumu, perege na kambare wakaingia, na mayai yanayohitaji ukavu yasiupate. Bonde likijazwa kifusi, mwisho wake ni ule ule. Sina ugomvi na wajenzi. Nami nakaa kwenye nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa mtu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kibali cha shimo ilipaswa kuwepo hesabu ya madimbwi, kama ambavyo kabla ya bwawa la topesumu ilipaswa kuwepo rekodi ya mto.

Na bahari ya dagaa je? Oktoba 2018 Zanzibar ilitia saini mkataba wa kugawana uzalishaji na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha mafuta na gesi cha Pemba na Zanzibar, chini ya sheria ya mafuta na gesi ya 2016. Maji taka ya Mji Mkongwe huingia baharini kila siku, meli za bandari ya Malindi zina kutu na mafuta yao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanana na Katanga leo, na ni vizuri. Lakini wateja wetu wa Kongo hununua kitoweo kutoka kwenye maji ambayo hakuna aliyeyatilia shaka, na sifa hiyo ndiyo mali ya kwanza ya mama wa Mangapwani, kabla ya sufuria na kabla ya chanja. Siku moja uvumi ukienea kwamba dagaa wa Unguja wana kitu, ataitetea biashara yake kwa nini? Kwa kuapa?

Nyenzo tunazo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi na Rasilimali za Bahari, ZAFIRI, ipo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa Unguja tangu 1978, na sasa ina kampasi Buyu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara, na Wakala wa Chakula na Dawa una mamlaka. Kinachotakiwa na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ni utaratibu usio na makuu: dagaa kutoka kila diko kubwa, kila msimu, wapimwe wakiwa wazima kama wanavyoliwa, kwa risasi, kadimi, zebaki, arseniki, shaba na kobalti. Matokeo yabandikwe dikoni kwa Kiswahili, yakiwa mazuri au mabaya, na magunia yaondoke na nakala. Chombo chochote cha kuchimba mafuta au kunyonya mchanga wa baharini kisishuke majini kabla rekodi ya angalau misimu miwili haijawekwa hadharani. Na Waziri akiulizwa kwenye Baraza la Wawakilishi gharama ya kazi hiyo ni kiasi gani, ailinganishe na bei ya msimu mmoja ambao Mkongo hakufika.